Mteja Anayekaa Siku Nzima

Chuoni, Morogoro
18 Oktoba 2004

Shangazi yangu Marieta,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo sana. Mimi ni mzima, ila joto la Morogoro ni kitu kingine. Ile sweta uliyonifumia imelala sandukuni tangu nifike, hata huruma naionea. Baba ameniandikia kwamba nungunungu wamekula viazi na kwamba mmegombana tena kuhusu uzio. Poleni wote wawili, ila pole zaidi kwa baba, maana nakujua.

Sasa shangazi, vuta kiti. Mwaka huu tumepewa somo jipya, njia za hesabu za kufanya maamuzi ya biashara. Jina refu hilo, sisi tunaliita Kwanti tu. Wenzangu wanalia, mimi nimelipenda hadi Sara, tunayelala naye chumba kimoja, anasema nimelogwa! Yaani unachukua jambo linalokunyima usingizi, nifanye hivi au nifanye vile, unaandika ulivyo navyo, unaandika mipaka yako, unapiga hesabu, na jibu linatoka. Hakuna kuuliza wazee, hakuna kubahatisha.

Mhadhiri wetu ametupa kazi ya muhula mzima. Kila mmoja atafute biashara ya kweli, aishauri, kisha aandike ushauri wake umezaa nini. Wenzangu wanazunguka madukani hapa mjini wakifukuzwa. Mimi nikasema, mbona biashara ninayo! Hoteli ya shangazi yangu huko kijijini Daudi, yenye chai ya maziwa na maandazi yasiyo na mfano.

Krismasi iliyopita uliniambia unatamani kuongeza chumba cha pili. Basi tusikisie. Kwa wiki moja hivi niandikie kila mteja kaingia lini, kala nini, kakaa muda gani. Na unitajie mali zako zote, usifiche hata sufuria. Nitakupa jibu la uhakika, na mimi nitapata alama za kumtoa baba machozi.

Mwanao mwenye kichwa kinachochemka,
Efrazia


Daudi, Mbulu
9 Novemba 2004

Mwanangu Efrazia,

Milele amina, na marahaba. Barua yako imekaa parokiani wiki nzima kwa sababu katekista aliiweka ndani ya kitabu cha nyimbo akaisahau. Tumeipata Jumapili ya mwisho ya Oktoba tulipofika kwenye wimbo wa sadaka.

Huku tuko salama. Baridi imekaza. Baba yako mzima, uzio hajaurekebisha, na mimi sijanyamaza. Bibi kizee Qamara wa ng'ambo ya korongo amepata jino jipya, kweli kabisa, watu wanakwenda kulitazama.

Haya, kazi yako. Nimewahesabu wateja wako mpaka wameanza kuniogopa. Mtu akiingia natazama saa, akimeza natazama saa. Mwalimu mmoja aliniuliza kama nimeajiriwa na serikali. Wengi wanakaa muda wa kikombe kimoja na andazi mbili, wanaondoka. Siku ya mnada wanabanana hadi wengine wanakunywa wamesimama. Nimekuandikia yote kwenye karatasi ya pili.

Yuko mmoja tu wa peke yake. Huyo aliingia asubuhi wakati nawasha jiko, akatoka jua linazama. Alikunywa chai, akanyamaza, akanywa chai. Hakulipa, ila si mdaiwa, ni mgeni. Unamjua, ni Gidahosh wa Dirma.

Mali zangu ni hoteli yenyewe, shamba la vitunguu saumu, kuku, masufuria, na Sista. Kama umemsahau Sista, ni yule ng'ombe mwenye kichwa cheupe kama kitambaa cha watawa. Marehemu mume wangu Baltazar alimweka kwa Gidahosh kama walivyofanya wazee wetu na Wabarbaig wa kule chini. Ng'ombe wako analala kwa rafiki, rafiki anakunywa maziwa, na wewe unaletewa habari akizaa. Ugonjwa ukiingia kwenye zizi lako, hujamaliza wote. Basi Sista amezaa mwezi wa nane, na Gidahosh amekuja kunipa habari. Mwezi wa tisa akaja tena kuniambia ndama ameanza kukimbia. Mwezi wa kumi akaja kuniambia ndama anakula majani. Juzi amekuja kuniambia ndama amepiga chafya.

Ni mtu mwenye adabu sana. Mke wake alitangulia kabla ya Baltazar wangu. Safari hii alivaa lubega jipya, jekundu. Nimelitaja tu, usiniulize.

Shangazi yako, karani wa chai,
Marieta


Chuoni, Morogoro
29 Novemba 2004

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, Sara anakusalimu, anataka kuja kuliona jino la Bibi Qamara. Hata mimi nataka!

Karatasi zako ni dhahabu. Nimezionyesha darasani na watu wamenionea wivu waziwazi. Nimefanya kazi siku nne, kula sikumbuki. Sasa pokea majibu.

Kwanza, yule mteja anayekaa siku nzima nimemfuta. Usishtuke, ni utaratibu. Akibaki, wastani unaharibika, inaonekana kama kila mtu Daudi anakunywa chai kwa saa tatu. Sisi tunamwita kipimo cha ajabu, tunamweka pembeni. Baada ya kumfuta, hoteli yako imenyooka vizuri sana, na chumba cha pili hakihitajiki. Siku ya mnada weka benchi nje, imetosha.

Pili, na hapa ndipo nilipopiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Una mali inayolala, shangazi! Sista yuko Dirma, maziwa anakunywa mwingine, wewe unapata habari tu. Habari haziingii kwenye hesabu, nimejaribu. Siku hizi wafanyabiashara wa saumu wanapanda hadi Daudi wenyewe kutoka Arusha, kila mtu na bei yake, hakuna tena chama cha ushirika cha kuipanga. Mchukue Sista, muuze, nunua saumu wakati wa mavuno zikiwa bei ya chini, zitunze, uza zikiadimika. Nimepiga hesabu kwa njia mbili na jibu ni lile lile.

Tuma neno Dirma mapema. Kazi yangu nakabidhi mwezi wa pili.

Mshauri wako wa biashara (cheki hicho cheo!),
Efrazia


Daudi, Mbulu
19 Desemba 2004

Efrazia,

Marahaba. Sisi wazima. Tumemaliza kupamba kanisa. Baba yako amerekebisha uzio, kwa hiyo sasa hatuna cha kuongea.

Umemfuta? Yaani umekaa huko Morogoro, ukachukua kalamu, ukamfuta mtu mzima aliyetoka Dirma kwa lori hadi Dongobesh, akadandia basi la Mbulu, akapanda huku kwa miguu? Kwa kosa gani, kukaa? Mrudishe. Sijali wastani wako.

Kuhusu Sista, nimefanya ulivyosema. Nimempa neno Yoakimu, dereva wa lori la ngano, amwambie Gidahosh amlete. Naona unajiuliza mbona nimekubali haraka hivyo. Hesabu yako ni nzuri, basi. Tena mtu akija mara zote hizo, akakaa siku nzima, na mdomo wake ukawa ni ndama, ndama, ndama, hana neno lingine hata moja, mwenye masikio naye anachoka. Basi tuone asipokuwa na ng'ombe atazungumza nini.

Krismasi njema. Nimekutumia siagi kwa basi, ila nadhani itafika mafuta.

Marieta


Chuoni, Morogoro
10 Januari 2005

SHANGAZI!

Shikamoo, heri ya mwaka mpya, siagi ilifika mafuta na tuliinywa na mkate, asante, sasa sikiliza. Usimchukue Sista! Kama Yoakimu hajaondoka mzuie barabarani, lala mbele ya lori ikibidi!

Nimekaa kantini na mwenzetu mmoja wa darasa, Gidabuday, Mbarbaig, kwao ni Getanuwas. Nikaanza kujisifu, nikamweleza kazi yangu tangu mwanzo. Alicheka hadi nilipofika kwa Yoakimu. Hapo akaacha kucheka. Akaniuliza, "Mmemtuma dereva wa lori?" Nikasema ndiyo. Akasema kwao ng'ombe wa namna hiyo haitwi kwa dereva. Ukimtaka unakwenda mwenyewe, unakaa, unakunywa, mnazungumza mambo mengine siku nzima, ndipo unamtaja. Ukimwita kwa mdomo wa mtu wa njiani, umesema urafiki umekwisha na rafiki asionekane tena mlangoni kwako.

Mimi nimekulia huko huko na sikulijua! Na wewe ulilijua, shangazi, usinidanganye. Ulikuwa na hasira.

Halafu Gidabuday akasema, "Hebu nipe zile tarehe za ndama." Tukazipanga. Ng'ombe anabeba mimba miezi tisa. Habari ya kuzaa ni moja kwa mwaka, tena mwaka mzuri. Wewe umeletewa habari kila mwezi. Tumepiga hesabu ya uwezekano, kwa kanuni, mbele ya mashahidi, kantini nzima imesimama kutusikiliza. Uwezekano kwamba mtu huyu anapanda Daudi kwa ajili ya ng'ombe ni sifuri. Sifuri, shangazi! Ndama amepiga chafya? Nani anapanda lori kutangaza chafya ya ndama?

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kumbe yanafichika, ukiwa na mjinga kama mimi wa kuyafuta kwenye karatasi.

Na lubega jekundu pia nimeliona sasa.

Jibu haraka, nakuomba.
Efrazia


Daudi, Mbulu
16 Februari 2005

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta jana. Mvua ilikata barabara karibu mwezi mzima, kisha basi likalala kwenye tope siku tatu, na barua zetu ndani. Hata ingewahi nisingemzuia Yoakimu, alikwisha kufikisha neno kabla ya Krismasi.

Gidahosh alikuja mwisho wa Januari. Alitembea kwa miguu kutoka Dirma akimswaga Sista na ndama wake, maana ng'ombe wa namna hii hapakiwi kwenye lori. Nilimwona anapanda mlima, nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Lubega lilikuwa la zamani. Akamfunga Sista kwenye nguzo, akamfunga ndama, akanionyesha kwato zao, masikio yao, kwamba hawana kasoro. Nikasema karibu chai. Akasema, "Asante mama, nimetosheka." Hajawahi kuniita mama. Hakukaa hata kidogo, Efrazia. Aligeuka akaondoka na kifimbo chake na mimi nimeshika birika kama mwehu.

Nililia. Nakuambia wewe kwa sababu hapa siwezi kumwambia mtu, mimi mwanamke mwenye nywele nyeupe. Niliwahi kulia hivyo kwa Baltazar tu, na huyo alikuwa amekufa. Huyu yuko hai, anatembea, na ni mimi niliyemfukuza kwa kiburi changu. Hesabu yako niliitumia kama fimbo tu, usijilaumu sana. Jilaumu kidogo.

Sasa umcheke Sista. Ng'ombe wa tambarare, baridi ya Daudi haitaki. Usiku wa pili alikata kamba, akaingia stoo, akala saumu. Si kidogo, alikula kama amelipia. Asubuhi nikamkamua, nikachemsha chai, nikawapa wateja. Efrazia, chai ya maziwa yenye saumu! Mwalimu aliimwaga nje ya dirisha, na dirisha lilikuwa limefungwa. Wiki mbili sasa hoteli haina mtu. Ukitaka kupanga benchi za nje, zipo, na za ndani pia zipo.

Padri ndiye pekee anayekunywa. Anasema ni kwaresima.

Shangazi yako,
Marieta


Chuoni, Morogoro
7 Machi 2005

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikalia, nikafika kwenye saumu nikacheka, Sara hakujua anibembeleze au anipige. Baba naye ameniandikia kwamba hoteli yako inanuka "kama mchawi amepikiwa". Mwambie nimechukia.

Kazi yangu imerudi. Mhadhiri ameniita mbele ya darasa. Karatasi yote ni nyekundu! Pale nilipomfuta Gidahosh ameandika kwa herufi kubwa, "HUYU NI NANI? UMEMFUTA KWA NINI? ULIULIZA?" Akasema kipimo cha ajabu hakifutwi mpaka umejua kwa nini ni cha ajabu, maana wakati mwingine ndicho chenye habari yote. Alisema hayo wiki ya tatu ya muhula, shangazi, niliyaandika kabisa na kuyapigia mstari. Nimepewa hadi mwisho wa Aprili nirudie kazi yote.

Kwa hiyo nimemrudisha. Nimemwandika kwa wino. Nikapiga hesabu upya na sasa hoteli yako haieleweki hata kidogo, na kwa mara ya kwanza nadhani iko sawa.

Ushauri wa biashara sina tena. Nina ombi. Mchukue yule ndama, ushuke naye Dirma mwenyewe, kwa miguu yako, ukae, unywe, uzungumze mambo mengine siku nzima. Gidabuday anasema ng'ombe akiwekwa upya, urafiki unaanza upya. Utaona haya, najua. Ona haya, lakini nenda.

Mwanao asiye na cheo chochote,
Efrazia


Daudi, Mbulu
11 Aprili 2005

Efrazia wangu,

Aleluya, na marahaba kumi. Heri ya Pasaka. Wote wazima, Qamara amepata jino la pili, na Sista amekatazwa stoo. Maziwa yamerudi kunukia maziwa, na watu wamerudi na aibu zao.

Nilipanga kushuka Dirma. Nakuapia. Nilifunga andazi kwenye kitambaa, nikachagua kamba ya ndama, nikamwambia baba yako nakwenda kuangalia bei za saumu. Siku ya kuondoka ilikuwa Jumamosi. Asubuhi nawasha jiko niwahi kula kitu, nasikia mtu anakung'uta tope mlangoni.

Lubega jekundu.

Nikasimama. Yeye akasimama. Nikasema karibu. Akaingia, akakaa pale pale anapokaa. Nikamimina chai, nyingine ikaingia kikombeni. Basi ndipo baba yako akatokea kuazima shoka, akamkuta. Unamjua alivyo. Hakukaa hata, akauliza, "Gidahosh, umeleta habari za ng'ombe?"

Akasema, "Hapana. Sina ng'ombe wa mtu tena."

"Mmoja wa kwako anaumwa?"

"Wazima wote."

"Sasa umetoka Dirma kufuata nini?"

Gidahosh akaweka kikombe chini polepole, akanitazama mimi, si baba yako. Akasema, "Zamani nilikuwa na Sista wa kunileta hapa. Alipoondoka nikasema basi, sina sababu. Nimekaa Dirma tangu siku ile natafuta sababu nyingine. Sikuipata. Nikaona nije hivyo hivyo."

Baba yako alisahau shoka. Alicheka mpaka akashika nguzo, akasema, "Marieta, mnyime huyu mtu chai kama unaweza." Mimi nililia mbele yao wote wawili na sikujali, na mikono yangu ilikuwa na unga, nikajipaka uso mzima.

Kaka, baba yako, amekubali tuoane. Wazee wa Gidahosh watapanda mwezi ujao na asali yao ya posa. Padri anasema lazima aanze mafundisho, na ameanza, anajibu maswali vizuri kuliko wewe ulivyojibu wakati wa kipaimara. Nimemwambia Gidahosh kwamba ndama tutamweka Dirma kwa kaka yake, ili na sisi tuwe tunaletewa habari. Na kile chumba cha pili tunakijenga. Hesabu ilisema hakihitajiki, mwambie mhadhiri hesabu imekosea, mtu amepungukiwa pa kutundika lubega.

Usianze kuwaza mengine. Analala kwa baba yako, wanagombana kuhusu uzio.

Ila nakudai kazi yangu. Uliniomba niandike kila mteja, na mimi ni karani mwaminifu. Chukua kalamu yako ya wino umwandike. Mteja mmoja, kutoka Dirma. Aliingia Jumamosi asubuhi, nikiwasha jiko. Alikunywa chai, andazi mbili, hakulipa. Muda wa kutoka, uache wazi.

Shangazi yako,
Marieta